Mwali Ana Neno

Ilianza Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, kipindi cha Kiingereza, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zinatuchafulia viatu. Saa naikumbuka kwa sababu kengele ya shule yetu hapa Kibaha ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini, na mwanafunzi wa zamu siku hiyo aliigonga mara mbili kwa kukosea. Tukacheka, na mwalimu akaingia akatukuta tunacheka.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ni mtu wa bara, mrefu, havai kingine ila suti ya kaunda ya rangi ya majivu, na hapendi kicheko ambacho hakukianzisha yeye. Aligeukia ubao akaandika neno moja tu, become, akalipigia mstari mpaka chaki ikakatika.

"Hili ni neno la kugeuka," akasema. "Ulikuwa hiki, sasa umekuwa kile. Maziwa yakilala yanakuwa mgando. Kiluwiluwi anakuwa chura. Tanganyika ilikuwa koloni, ikawa nchi huru. Haya, semeni."

Tukasema. Become, became, become. Darasa zima, kwa sauti moja, mara kwa mara, mpaka ikawa kama ngoma na wavulana wa nyuma wakaanza kupiga madawati. Mwalimu akanyamazisha. Akasema neno hili lina vituko vyake. Ukimuuliza mtu what became of your brother, hutaki kujua ndugu yake amegeuka nini, unauliza yamemfika yapi, yuko wapi siku hizi. Na ukimwambia mwanamke that dress becomes you, unamwambia gauni limemkaa, limempendeza.

Jirani yangu wa dawati, msichana wa Mwanza ambaye mdomo wake haujui Jumapili, akaninong'oneza, "Basi ile suti yake haijambikamu hata kidogo."

Nilicheka kwa ndani. Mimi hucheka kwa ndani. Nasema kweli kwa sababu humu daftarini sina wa kumdanganya: nina aibu ya kupita kiasi. Nikitumwa dukani naomba Mungu nimkute mteja mwingine anayetaka nilichotumwa, nielekeze kidole tu, niseme "kama hicho." Kuandika ndiko kunakonifaa. Mkono wangu hauna aibu, ni mdomo.

Kisha mwalimu akataka kila mtu asimame aseme kwa Kiingereza atakuwa nani. Wavulana wawili wakawa marubani. Mmoja akawa mkuu wa mkoa, tukampigia saluti. Jirani yangu akawa nesi, akasema kwa madaha kama ameshavaa kofia. Zamu ikanifikia. Nikasimama. Nilikuwa na sentensi yangu kamili, nimeipanga tangu safu ya kwanza: nitakuwa mwalimu. Mdomo ukafunga. Nikatazama kucha zangu.

"Na wewe?" mwalimu akauliza. "Wewe hutakuwa kitu?"

"Atakuwa bubu, mwalimu!" sauti ikatoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko, na safari hii mwalimu naye akatabasamu. "Kaa," akaniambia, bila ubaya. Nikakaa. Tumbo lilikuwa linaniuma tangu asubuhi, nikadhani ni ile aibu. Mapumziko nilipokwenda chooni nikajua siyo aibu. Nilikuwa nimevunja ungo.

Matroni wa bweni letu alinipa pamba na vidonge viwili, akanifundisha maneno machache ya usafi. "Ndiyo ukubwa huo," akasema. "Rudi darasani, hesabu hazikungoji." Nikarudi. Jioni nikalima bustani ya shule na wenzangu, nikamwagilia mchicha, nikamsalimia mlinzi, nikala maharage bwaloni. Nikaendelea hivyo mpaka shule ilipofungwa. Wala sikuona kwamba nimefanya jambo la ajabu.

Kwetu ni Kisarawe, lakini siyo mjini pale. Ni kijiji kipya, au walivyokiita kipya. Miaka michache nyuma tulikuwa tunakaa mbali kidogo, kila nyumba na mikorosho yake, mpaka lori lilipokuja tukapakiwa na vyungu vyetu. Tukashushwa penye pori lililofyekwa, tukaambiwa kuanzia leo ninyi ni kijiji cha ujamaa. Bibi yangu, mama yake baba, alishuka akatazama huku na huku.

"Kijiji kiko wapi?" akauliza. "Mimi naona vigingi."

Vijana waliokuja na lori wakacheka, wakamwambia bibi atabadilika tu. Akawajibu, "Nihamisheni mtakapo. Mimi ni yule yule mliyenipakia." Kwapani alikuwa amebana kitu kimefungwa kwenye kaniki. Kuku alisahau tenga zima kule tulikotoka, lakini kile kifurushi hakukiachia hata alipokuwa anashuka, na ndani yake alikuwemo mwana hiti. Nieleze. Mwana hiti ni kisanamu cha mti, kirefu kama mkono kutoka kiwikoni, kina kichwa na kifua na hakina miguu. Ni cha ukoo. Kila mwali wa nyumba yetu hukaa naye ndani, anampaka mafuta, anamtunza kama mtoto. Shangazi zangu walikaa naye. Bibi alikaa naye. Amekuwa mweusi na laini kwa mikono ya watu waliokwisha kufa.

Basi nilipofika likizo nilimwambia mama. Mama akaziba mdomo kwa kanga, akanigeuzia mgongo. "Hayo si ya kuniambia mimi," akasema kwa haraka. "Kamwambie bibi yako. Mimi sijasikia."

Ndivyo ilivyo kwetu, mama huwa hasikii. Nikamwendea bibi jikoni, alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Toka lini?" bibi akauliza.

"Toka vuli ilipoanza, bibi."

Mkono wake ukasimama juu ya mchele. "Na ulikuwa wapi siku zote hizo?"

"Shuleni."

"Ndani?"

"Darasani. Na bwenini."

"Wanaume wamekuona?"

"Mwalimu ni mwanaume, bibi."

"Na jua likakupiga?"

"Tulikuwa tunalima bustani."

Bibi akaweka ungo chini, akapiga makofi, akashika kichwa. "Mwanangu we! Mtoto ametembea na uwali barabarani kama mtu aliyebeba chungu cha mafuta bila kifuniko! Na wakamlimisha!"

Mwali wa kwetu huingizwa ndani saa ile ile. Anafunikwa, halisikii jua, hasikiwi sauti, mpaka siku anapotolewa kwa ngoma, amebebwa mabegani, anang'aa kwa mafuta. Uwali wangu ulikuwa umezururishwa. Bibi alisema uwali uliozururishwa lazima ulazwe mpaka utulie. Shangazi zangu wadogo, kwa vile dunia imekuwa ya haraka, walikaa mwezi, wengine majuma mawili. Mimi nitakaa mpaka mpunga uvunwe.

Mpunga unavunwa katikati ya mwaka. Shule inafunguliwa mwezi wa kwanza. Asiyeripoti, nafasi yake anapewa mwingine, na wanaoingoja ni wengi kuliko madawati. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kijiji chetu kufika sekondari, mvulana au msichana. Yote hayo nilikuwa nayajua nikiwa nimesimama pale jikoni. Sikusema neno. Nikaingia ndani.

Chumba kilikuwa cha nyuma, dirisha limezibwa kwa kanga mbili. Nilipewa mkeka, mwana hiti na kungwi. Kungwi wangu alikuwa mama mmoja jirani, mnene, mcheshi, anayenusa ugoro na kupiga chafya tatu kila anaponusa. Ndiye aliyekuwa mdomo wangu, maana mwali hasemi. Nikitaka maji napiga kofi moja la kiganja, nikitaka kutoka haja napiga mawili, kungwi ananifunika gubigubi ananitoa. Wageni wakija kuuliza hali yangu wanamuuliza yeye, mimi nipo nyuma ya ukuta wa udongo nawasikia.

Sasa nitaandika jambo ambalo sikulitegemea. Nilipenda.

Siku za mwanzo nilipenda sana. Hakuna aliyeniambia simama useme. Hakuna wa nyuma wa kuniita bubu, hapa ububu ulikuwa heshima. Nilipakwa liwa ya mti wa kunukia, nikasingwa, nikalishwa uji wa mchele wenye nazi. Nilifundishwa kukaa, kusalimia wakubwa, vitendawili ambavyo sitaviandika kwa sababu niliapa. Nilikuwa nampaka mwana hiti mafuta huku vidole vikipiga mkeka polepole, become, became, become, basi tu, kama mtu anavyopiga mluzi bila kujua. Nje baba alikuwa anafungua redio kwa sauti, taarifa ya habari, hotuba, nchi imekuwa hivi, vijiji vimekuwa vile. Mimi nimelala kivulini.

Siku moja kungwi alinitazama kwa muda, pua yake imejaa ugoro, akasema, "Mwanangu, sijaona mwali kama wewe. Wengine wanalia, wanachungulia dirishani, wanataka kutoroka. Wewe umetulia tu. Uwali umekukaa. Umekupendeza kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chako."

Akapiga chafya zake tatu, akatoka.

Nilibaki na yale maneno. Nikaliona lile neno ubaoni, limepigwa mstari, na mwalimu anasema vituko vyake. Imekupendeza. Imekukaa. Mpaka siku ile nilikuwa naona kituko hicho ni cha bure, Kiingereza kujipamba tu. Mle ndani nikakiogopa. Kama kitu kimekukaa vizuri, nani atahangaika kukuvua? Kungwi atasema, bibi atasema, nitasema mwenyewe: muacheni, amezoea, umempendeza. Mpunga utavunwa. Nitatolewa na ngoma, nitang'aa. Na yule mwenye duka la Kisarawe, ambaye nilimsikia kupitia ukuta ameleta kilo mbili za sukari na kuulizia "mgonjwa wenu wa ndani," atakuwa barazani anangoja kuniposa. Miaka ikipita jirani yangu wa dawati, nesi, atamuuliza mtu habari zangu, yamemfika yapi yule bubu? Ataambiwa, aa, yule alitulia.

Nikajisikia hasira. Siyo kwa bibi tu. Kwa mwalimu na kicheko chake, kwa yule wa nyuma, kwa baba na redio yake, na zaidi kwangu mwenyewe niliyelala chini nimepakwa liwa nafurahi. Kule walitaka niseme nikanyamaza. Hapa wanataka ninyamaze, nimenyamaza. Basi siku zote mimi ni wa kunyamaza tu?

Nilimwomba kungwi aniombee kwa baba. Nilimnong'oneza, maana kwake inaruhusiwa. Akacheka. "Kwa baba yako? Baba yako balozi wa nyumba kumi, kila mkutano anasimama kwenye kiti anasema mtoto wa kike asome. Akitoka mkutanoni anamkuta mama yake mlangoni, anavua kofia. Mwanangu, baba yako ni simba wa mkutanoni."

"Mwambie hivyo hivyo."

"Nimwambie ni simba wa mkutanoni? Nitakula kwa nani?"

Lakini alimwambia, kwa namna yake. Najua kwa sababu Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri kulikuwa na kikao kwenye baraza ya uani, na siku ya pili yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa siku ya kuripoti bwenini. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa ameitwa kutoka upande wa pili wa kijiji. Bibi alikaa kwenye kigoda, baba kwenye kiti chake cha mkutano, kungwi kizingitini, mgongo wake umeegemea mlango wangu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine umembana mwana hiti. Kupitia ufa nilimwona jogoo akitembea katikati yao kama mwenye nyumba.

Baba akaanza kwa mbali. Akasema habari za mvua, habari za shamba la kijiji, akasema serikali inataka watoto wa kike wasome. Bibi akamwacha amalize.

"Serikali imezaa?" bibi akauliza.

"Mama, mimi nasema tu..."

"Naisikia redio, mwanangu, sina haja urudie. Sasa nisikilize mimi. Mikorosho yangu wamenitoa. Nyumba yangu wameniangushia. Kaburi la baba yako liko kule linaota magugu, hakuna wa kulifagilia. Nikasema sawa, wakubwa wameamua. Nimebakiwa na hiki kimoja, kumtoa mjukuu wangu kama nilivyotolewa mimi. Na hiki nacho kipande lori?"

Mimi mwenyewe, nyuma ya mlango, nilihisi machozi. Laiti bibi angekuwa mkorofi tu, ningemuweza kwa urahisi.

Baba mkubwa akakohoa. Yeye ndiye mkubwa wa kikao, na kikao kina njia yake ya kufungwa, ya tangu zamani. Humuuliza kungwi, kungwi hujibu jibu moja linalojulikana, kisha watu hunywa kahawa.

"Haya, kungwi," akasema. "Mwali wako anasemaje?"

"Mwali hana neno," kungwi akajibu kama inavyojibiwa. "Neno lake ni la wazee."

"Ninalo," nikasema.

Sikujua kama nitasema. Ilitoka nene, ya kukwaruza, sauti iliyokuwa haijatumika tangu nilipoingia ndani. Jogoo akasimama, mguu mmoja juu.

"Nani kasema?" bibi akauliza.

"Panya, mama," kungwi akasema haraka, akaupiga mlango kwa kisigino. "Panya wamejaa nyumba hii."

"Panya wa sekondari," baba mkubwa akasema, na nikamsikia anajizuia kucheka.

Ningeweza kubaki panya. Mlango wa kurudi ulikuwa wazi, kungwi alikuwa ameshanifungulia. Nikabana mwana hiti, nikaweka mdomo kwenye ufa.

"Shikamooni," nikasema. "Siyo panya. Ni mimi. Ninalo neno. Kesho ni siku ya kuripoti shule na nataka kwenda."

"Marahaba," baba mkubwa akajibu, nadhani kwa mazoea tu, kisha akashika mdomo kama mtu aliyejikwaa ulimi.

"Mwambie mwali wako," bibi akamwambia kungwi, polepole, "mwali hasemi."

"Umesikia, mwanangu?" kungwi akasema, bila kugeuka. "Husemi."

"Nimesikia, na nasema. Baba, mkutano wa mwisho kabla sijaingia ndani ulisimama kwenye hicho hicho kiti. Ulisema msichana akisoma kijiji kizima kimesoma. Watu walikupigia makofi. Mimi nilikupigia. Kile kijiji ulichokuwa unakisema ni kipi, baba? Au ni kile cha vigingi?"

Baba mkubwa sasa alicheka wazi. Baba akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Tazama!" bibi akasema. "Tazama adabu! Nani kakufundisha kusema hivyo mbele za wazee? Hao walimu wako?"

"Hapana, bibi. Shuleni sijawahi kusema hata sentensi moja. Waulize. Kule naitwa bubu."

Nadhani hawakuwa wanajua. Kwenye barua nilikuwa naandika naendelea vizuri na masomo.

"Bibi," nikasema, "wewe ndiye umenifundisha. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka, umesimama pale chini ya lori, wale vijana wanakwambia utabadilika. Ukasema wakuhamishe watakapo, wewe ni yule yule waliyempakia. Mbona wewe uliweza na mimi mnaniogopea? Nipelekeni Kibaha. Yaliyofundishwa humu ndani ninayo, hayatamwagika. Mwana hiti alipanda lori, alipigwa jua njia nzima, na ameshuka mwana hiti."

"Mwana hiti hasomi Kiingereza," bibi akasema.

"Angesoma angekuwa yule yule."

"Na hapayuki mlangoni."

"Hana miguu wala mdomo, bibi. Mimi ninavyo."

Kungwi alipiga chafya, na hakuwa amenusa kitu. Sikuona uso wa bibi, kigoda chake kilikuwa pembeni ya ufa. Niliona mikono yake tu. Ilikuwa inakunjua pindo la kaniki na kulikunja tena. Baba alikohoa, akafungua mdomo. Safari hii, namshukuru, hakutaja serikali. Alisema tu, "Mama, mimi nataka aende," kwa sauti ndogo sana, ndogo kuliko yangu.

Bibi akanyanyuka. Kigoda kikalia.

"Haya," akasema. "Wenye midomo mmesema. Anayetaka kutoka atoke. Lakini msikilize vizuri, na wewe wa nyuma ya mlango usikilize. Mwali hutolewa. Huyu hatolewi, huyu anatoka. Sitampigia ngoma. Hatavaa shanga zangu. Hakuna bega litakalombeba, atumie hiyo miguu anayojivunia. Wakiniuliza nilimtoa lini mjukuu wangu, nitasema sikumtoa. Na asinitafutie salamu."

Akashuka barazani, akaenda zake jikoni. Kahawa haikunywewa.

Sitasema kwamba sikuumia. Nilikuwa nimengojea ile ngoma tangu nikiwa mdogo. Nilimwona shangazi yangu akitolewa, amebebwa juu, vumbi, vigelegele, mafuta yanametameta mabegani, nikasema nami siku yangu ipo. Sasa haipo, na haitakuwepo, na aliyeifuta ni mimi. Kungwi aliingia akanikuta nimekaa chini nimemshika mwana hiti. Akakaa karibu yangu.

"Umeniaibisha," akasema. "Kungwi gani mwali wake anasema?" Halafu akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Lakini ile ya vigingi! Baba yako nusura ameze kofia."

"Kungwi, uwali bado umenikaa?"

Akafikiri. "Ulikukaa sana. Lakini nguo ikikubana kwapa unafanyaje? Unaivua, hata kama ni nzuri."

Nimeandika haya nikiwa kidato cha tatu, jirani yangu wa dawati ananisukuma kiwiko anataka kujua naandika nini. Zamani nilidhani lile neno la mwalimu ni la vitu vinavyogeuzwa vikiwa vimekaa, maziwa kwenye kibuyu, kiluwiluwi kwenye dimbwi. Unangoja tu, unaamka umekuwa. Watu wengi kwetu ndivyo lilivyowapata. Waliamka wamekuwa kijiji. Mimi sikuamka nimekuwa kitu. Aibu yangu ninayo, iko pale pale, mpaka leo nikienda dukani naelekeza kidole. Ila najua sauti yangu ikoje ikitoka. Ni ya kukwaruza. Na najua nilipiga hatua ngapi bila bega la mtu.

Jumapili ile, asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mikorosho michanga ya kijiji, nilioga mwenyewe, nikaondoa liwa yote mpaka ngozi ikawasha. Nikavaa sare ya shule, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, ikanibana kidogo kwa ule uji wa nazi. Nikamfunga mwana hiti kwenye kaniki yake, nikamlaza juu ya mkeka nilioukunja. Mwali hapiti mlango wa mbele mpaka abebwe. Nikafungua komeo, nikapita mlango wa mbele. Jua lilinipiga usoni nikashindwa kufungua macho. Nilikuwa nimepauka kama muhogo uliomenywa. Majirani waliokuwa wanafagia wakaacha mifagio. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Mama, mwali anatembea!"

Baba alikuwa anafunga sanduku langu la bati kwenye baiskeli. Jembe la shule nikalichukua mwenyewe, nikaliweka begani. Nikapita jikoni. Bibi alikuwa amenipa mgongo, anapepeta mchele, makapi yanaruka yanamrudia kichwani.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Ungo ukapanda, ukashuka. Hakuitikia. Nikangoja kiasi cha heshima, nikageuka, nikashika njia ya barabarani. Nilikuwa nimeshafika kwenye kisiki cha mpaka wa uwanja wetu niliposikia nyuma yangu:

"Wewe wa miguu! Shule yenu siku hizi mnamwagilia kwa mikono? Umesahau ndoo."

Nikarudi. Ndoo ilikuwa karibu na miguu yake, imeoshwa, na ndani yake kulikuwa na kifurushi cha karanga za kukaanga, bado za moto. Sikusema asante, maana hakutaka salamu zangu. Niliinama nikaichukua, nikaitundika kwenye mpini wa jembe, nikapita katikati ya barabara ya kijiji, siyo kando ya nyumba ninakopitaga, ndoo ikigonga chuma cha jembe kila hatua, watu wakitazama.